Mwangaza Nyembamba ya Papa Eddy

Alphonse alizaliwa Kazimia, akakulia Baraka, kandokando ya ziwa Tanganyika, na maisha yake karibu yote aliipitisha na taa mu mikono. Zamani, wakati ya taa za petroli zenye zilikuwa zinapigwa pompe mupaka zinalia kama nyoka, yeye njo alikuwa anazitengenezea bavuvi ya ndagala, zile samaki ndogondogo za ziwa. Kisha zikafika za batri, kisha hizi za LED zenye banafunga leo ku mitumbwi, zenye hazikule umeme mingi, na zile pia akazijua. Muvuvi akienda ku ziwa bila kupitisha taa yake kwa Alphonse, halafu arudie na mutumbwi mutupu, ku mwalo, fasi mitumbwi inafikia, balikuwa banamucheka mupaka jua inapanda. Sababu taa ya ndagala iko na sheria yake. Mwangaza isimame fasi moja, ikuwe na nguvu, iingie mu maji kama musumari mu ubao. Ikitembea huku na kule, ndagala nayo itatembea huku na kule, na wavu itapandisha maji tu.

Basi wakati kanisa yabo ilipata taa za podium, hakuna mwenye aliuliza ni nani atazifunga. Ile kanisa iko juu ya barabara ya kuenda Fizi, ya matofali ya kuchoma, na mabati yake haiko juu sana. Batoto ya kanisa benye banaishi inje ya inchi njo balituma zile taa mu makartoni: nyeusi, za muviringo, kila moja kama sufuria ya kupikia mutoto uji, na ndani yake macho mingi ya kioo, nyekundu, kijani, bulu, nyeupe. Bazee ya kanisa bakasema, si Papa Eddy iko? Naye Papa Eddy hakukataa. Eddy njo mutoto wa kwanza ya Alphonse, na Baraka yote inamuita Papa Eddy, hata bamama benye banauzisha bunga ku soko.

Taa zilikuwa za sikukuu. Kanisa ilikuwa imepanuliwa, ukuta ya nyuma imesukumwa kidogo, na bazee balitaka siku ya kuifungua chorale mbili ziimbe pamoja. Moja ni ya Baraka, batoto ya bavuvi na ya bantu ya biashara, banaimba mbio na kusukuma mabega. Ingine ni ya benye balishuka kutoka Minembwe, bantu ya ng'ombe, banaimba polepole, bamama bamevaa nguo nyeupe za kufunga ku bega, na mikono yabo inapanda juu na kufunguka kama pembe za ng'ombe. Kuweka bale bote ku podium moja ilikula maneno mingi na chai mingi. Mwisho bakasikilizana: Baraka ikae katikati, na Minembwe ikae huku na huku, kandokando. Bantu ya Minembwe beyewe njo balichagua kando, juu mikono ya vile inataka nafasi. Ukisimama katikati na unafungua mikono, utapiga muntu ku jicho.

Na mwisho kabisa ya mustari, karibu na ukuta, alisimama Gatesi, bibi ya Eddy.

Huyu Gatesi lazima tumuseme vizuri. Eddy anaendesha pikipiki, anapandisha chumvi na sabuni kule juu Minembwe na kushusha maharagi na fromage ya maziwa, na siku moja, pamoja na maharagi, alishusha na habari ya musichana. Mambo ikafanyika kama inavyofanyika, bazee bakapanda, ng'ombe ikasemwa, ndoa ikafungwa. Lakini mama ya Gatesi hakuweza kushuka, miguu yake haimubebe tena ku ile milima. Tangu binti yake aende ku bukwe, kwa bantu ya bwana yake, hakumuona. Alikuwa anamusikia tu mu telefone ya Shema, kaka ya Gatesi, na lile nalo, Shema anapaswa kwanza kupanda ku kilima kutafuta rezo ya telefone.

Tena Gatesi alikomaa na desturi ya kwabo. Bibi ya mutoto hataje jina ya papa mukwe. Hamuangalie mu macho, hasimame mbele yake na kuanza kumuambia hivi na vile. Kukiwa na neno, anapitisha kwa mama mukwe, na mama mukwe anafikisha. Alphonse ni Mubembe, na Babembe nabo bako na heshima yabo ya bukwe, basi hakuona ubaya. Wakati ingine ilikuwa inamuchekesha. Anakaa mu salon, Gatesi iko ku mulango, na bibi yake Arlette katikati yabo anabeba maneno kama muntu wa poste.

Alphonse alifunga taa zake. Akazipanga ku bomba ya chuma mbele ya podium, akazigeuza zote katikati, zikutane. Wakati aliwasha, he, ile mwangaza ilianguka pale kati kama jua imetoboa mabati. Yeye alifurahi. Ilikuwa mwangaza ya ndagala kabisa, safi, haitembei.

Ku repetisyo ya kwanza, ya kujaribu nyimbo, balifunga bashe, yale maturubai, ku madirisha ili giza ikuwe mu kanisa muchana, na chorale zikapanda. Merveille, mwenye anaanzisha nyimbo za Baraka, alikuwa katikati, akaanza kung'aa mupaka meno. Akisogea kidogo, anaingia mu kivuli, anarudi mbio mu mwangaza, kama kuku yenye inatafuta jua asubuhi. Benye balikuwa karibu yake nabo bakawa banasogea, banasukumana, wimbo inaenda lakini miguu inapigana. Na kandokando, bamama ya Minembwe? Mikono yabo ilikuwa inapanda mu giza. Ulikuwa unaona tu vidole pale vinapitia karibu na mwangaza, kisha vinapotea. Ku ukuta ya nyuma nako kulikuwa bivuli vya rangi, kimoja chekundu, kimoja kijani, kimoja bulu, kila muntu na bivuli vyake vitatu kama bapepo.

Alphonse aliona ile yote, lakini alijiambia ni namna ya taa. Katikati ni katikati. Kisha akaangalia kule mwisho, akaona Gatesi anaimba, hanung'unike, hata uso haijakunjwa, na akasema mu roho yake kama kungekuwa neno, angelisikia. Pale njo alikosa. Alisahau kama ule musichana, hata nyumba ikiungua, hawezi kumuambia yeye.

Muntu moja ya chorale alichukua video na telefone, akaituma. Video haina miguu lakini inapanda milima kupita pikipiki ya Eddy. Ilifika kwa Shema, Shema akaishusha kwabo, akamuonyesha mama. Mama akaangalia. Akasema irudishwe mwanzo. Akaangalia tena. Halafu akauliza: «Na mutoto yangu iko wapi?»

Shema akasonga kidole ku kioo, akasema iko pale, mwisho. Mama akasema pale ni giza. Na majirani benye balikuwa mu nyumba bakaanza kusema yabo, moja anasema bantu ya ziwa bamejiwekea mwangaza, mwengine anasema ndiyo, bantu yetu bameitwa kujaza podium tu. Mpaka maneno ishuke tena Baraka ilikuwa imenenepa. Sasa ilikuwa inasemwa kama papa mukwe ya Gatesi, yeye mwenyewe na mikono yake, alimutia bibi ya mutoto yake mu giza mbele ya kanisa yote.

Ni Arlette njo alileta ile neno mu nyumba. Aliipata kwa Gatesi, ku jikoni, na Gatesi aliisema huku anachambua sombe, majani ya muhogo, na hakuinua kichwa. Nyirarukundo, mama mwenye anaongoza bantu ya Minembwe, tena shangazi ya Gatesi, alikuwa amesema kama mambo iko vile, siku ya sikukuu bao bataimbia kwabo, ku kapela yabo, fasi jua inaingia ku dirisha na kuangukia kila muntu. Na Gatesi ataenda na bashangazi yake ao atabaki na bukwe yake? Lile Arlette hakulimaliza. Alisema tu kama sombe ya leo iko na majani ya machozi.

Alphonse hakukula vizuri siku ile. Haikuwa kazi ya taa yenye ilimuuma. Taa mbaya unaifungua unaifunga upya. Ilimuuma kama kule juu mama ya muntu alimutafuta mutoto yake mu video na hakumupata, na ni yeye alifanya vile.

Akaanza kuhangaika. Akageuza taa moja kwa kila upande, lakini ile mwangaza ni nyembamba tu: ikimupata Gatesi, inamuacha jirani yake, na podium ikakuwa matone matone kama ngozi ya chui. Akataka kuzisogeza mbali ili mwangaza ipanuke, lakini nyuma ni mabenchi, na ukienda nyuma zaidi unaangazia vichwa ya bazee na bivuli vyabo vinapanda ku podium kuimba. Kuzipandisha juu, mabati imekataa. Akafunga shuka nyeupe mbele ya taa. Mwangaza ikapanuka kweli, lakini shuka iliikula karibu yote, ikabaki kama mwezi mu ukungu. Akajaribu na sashe ya plastiki. Sashe ilikuwa inapigapiga kila upepo ikipita, kama muntu anakula biskwi mu maombi.

Bavuvi benye balikuwa banapita ku barabara balimuona anapanda na kushuka ku ngazi. Moja akamuuliza: «Papa Eddy, humu ndani munavua bakristo ao ndagala?» Akamujibu aende zake, na alijua kama yule muntu hajakosea sana.

Mwisho akamupigia Darius. Huyu Darius anakodisha sono, vyombo ya muziki, na taa za ndoa kule Uvira, na balijuana tangu wakati ya taa za mitumbwi. Alphonse akamuelezea yote, mupaka ya ndagala. Darius alicheka, kisha akamuuliza ndugu yangu, umeziwekea filtre? Alphonse akasema filtre anaijua ya mafuta ya motere. Darius akasema hapana, hii ni ya mwangaza, ni plastiki ngumu imefanana na kioo yenye imepata ukungu. Unaiweka mbele ya taa, mwangaza ikipita ndani yake inapanuka, na haikulwe sana kama na shuka. Na yeye alikuwa na vipande, tena ya ile namna yenye inavuta mwangaza upande moja, inaifanya ndefu. Kwa chorale yenye iko mustari, njo dawa. Akasema ataituma na gari ya asubuhi.

Ilifika imekunjwa mu gazeti, imefungwa na kamba ya mufuko ya muchele. Alphonse akaigusa. Upande moja laini, upande ingine inakwaruza ukucha, mistari midogo midogo yenye jicho haiione vizuri. Akaiinua ku dirisha, akaangalia muti wa inje kupitia mule, muti ikawa imetambaa. Akachukua makasi ya Arlette ya kushonea, Arlette akasema makasi ile ni ya vitambaa, lakini hakuinyang'anya. Akakata kipande ya kila taa, akavibana na vibanio vya nguo, vya mbao, juu vile vya plastiki vinateleza.

Halafu akafanya kitu yenye haikumupendeza lakini ilipaswa. Akatuma Eddy aende kwa Nyirarukundo na heshima zote, amuombe akuje na bantu yake mara moja tu, baone. Bakiona ni vibaya, baende ku kapela yabo, hakuna mwenye atasema kitu.

Balikuja. Nyirarukundo aliingia mbele, mama murefu, na hakukaa. Bazee ya Baraka na Merveille na bengine balikuwapo. Bashe zikafungwa ku madirisha. Chorale zikapanda, kila muntu fasi yake. Alphonse akawasha.

Mwangaza ilipanuka, ndiyo. Lakini ilipanuka kuenda juu. Ilikuwa imesimama ndefu katikati ya podium, kutoka ku sakafu mupaka ku mabati, ikaonyesha miguu ya Merveille, ikaonyesha mbao za paa, na nyumba ya buibui yenye hakuna mwenye alikuwa anaijua, na popo moja yenye haikufurahi. Kandokando, giza ni ileile. Mutoto moja wa chorale ya Baraka akacheka na akapigwa kofi ya shingo na mama yake.

Nyirarukundo aliangalia ile paa kwa utulivu. Kisha akasema, bila kupandisha sauti:

«Papa Eddy, asante kwa kutuita. Lakini sisi tulikuja kuimba, hatukuja kusindikiza.»

Akageuka. Bamama ya nguo nyeupe bakaanza kushuka ku podium, moja moja, banashika nguo zabo zisikanyagwe. Alphonse alikuwa pale chini na kibanio ya nguo mu mukono. Alifikiri Darius alimutumia plastiki mbaya. Alifikiri kuzima. Wakati anakaribia kuzima, akaona kama kule mwisho Gatesi hajashuka.

Bashangazi yake bakamuita. Hakushuka. Alikuwa ameinua uso, anaangalia taa, si Alphonse, taa yenyewe, ile ya pembeni. Na mbele ya kanisa yote akaanza kusemesha ile taa.

«Wewe taa,» Gatesi akasema. «Mbona umesimama? Bantu ndio banasimama. Wewe ulale.»

Bamama benye balikuwa banashuka bakasimama. Hata Nyirarukundo akasimama pale mulangoni. Ba Minembwe balielewa mbio: mutoto yabo hajavunja desturi, hajasemesha papa mukwe, amesemesha chuma. Bantu ya Baraka balichelewa kidogo, wengine balifikiri labda jua ilimupiga.

Alphonse yeye alielewa yote mara moja. Aliangalia ile mwangaza yenye imesimama kama muti, akaangalia mustari ya bantu yenye imelala, akakumbuka mistari midogo yenye alipitishia ukucha: ile njo inaonyesha mwangaza upande wa kuenda. Hakuangalia Gatesi. Naye akainua uso, akajibu taa.

«Haya, taa,» akasema. «Nimesikia. Uniwie radhi, mi ni muntu ya ndagala.»

Akapanda ngazi. Akatoa vibanio ya taa ya kwanza, akazungusha ile plastiki, yenye ilikuwa imesimama akailaza, akabana tena. Na pale hata mwenye haone vizuri aliona. Mwangaza iliacha mabati, ikajilaza, ikaenda huku na huku ku podium kama muntu mwenye ananyoosha mikono kisha kulala. Ilimupita Merveille, ikapita bavulana ya sauti ya chini, ikafika kwa bamama ya nguo nyeupe benye balikuwa hawajashuka, ikafika ku ukuta. Alphonse akazungusha ya pili, ya tatu, mupaka ya mwisho. Bile bivuli vya rangi ku ukuta navyo bikachanganyikana, bikakuwa kivuli moja ya kawaida, ya bantu.

Nguvu ilipunguka kidogo, hatuwezi kudanganya. Merveille hakung'aa tena mupaka meno, na alisema hivyo, akasema sasa anaonekana kama bengine. Arlette akamuambia mwanangu, na wewe ni kama bengine. Bantu bakacheka, na Merveille naye akacheka kisha kununa kidogo.

Nyirarukundo alirudi polepole. Hakupanda ku podium mara moja. Alikaa kwanza ku benchi ya mbele, akaomba baimbe ile ya polepole, ili aone mikono. Gatesi akaianzisha. Mikono ikapanda ku pande zote mbili, ikafunguka, na safari hii haikukatwa na giza, ulikuwa unaiona kutoka ku bega mupaka ku kidole. Wimbo ulipokwisha yule mama akasimama, akatengeneza nguo yake, akapanda akachukua fasi yake. Alimuambia tu Arlette kama ile fasi ya kushoto, taa ya mwisho, ingeinama kidogo ingekuwa vizuri zaidi. Arlette akafikisha. Alphonse akainamisha.

Siku ya sikukuu kanisa ilijaa mupaka madirisha, na bashe za kivuli kule inje hazikutosha. Chorale zote mbili ziliimba. Kulikuwa na hotuba ndefu, groupe, ile mashine ya umeme, ilizima katikati ya hotuba na hakuna mwenye alihuzunika, halafu ikawaka. Eddy alikuwa anachukua video yeye mwenyewe, alikataa muntu mwengine aishike. Akaituma kule juu.

Jibu haikukuja siku ile, sababu Shema alipaswa kushuka ku kilima na kumuonyesha mama, kisha kupanda tena. Alphonse alikuwa anajifanya hangojee. Alisafisha batri zenye zilikuwa safi. Kila telefone ikilia mu nyumba alikuwa anauliza ni nani, na Arlette anamujibu si wewe banatafuta.

Wakati sauti ya mama ya Gatesi ilifika, ilikuwa ujumbe ya kusikiliza. Gatesi aliisikiliza ku jikoni, akaisikiliza tena, akacheka huku anapangusa macho na mugongo wa mukono, kisha akaitafsiri kwa Arlette, na Arlette akaileta ku salon na uso yenye imekunjwa.

Mama alisema amemuona mutoto yake. Alimuona tangu mwanzo, hakuuliza muntu, alimujua ku shingo. Alimuona anaimba, alimuona mikono, aliona hata kovu ndogo ku kidevu, ya wakati ndama ilimusukuma. Akamushukuru Mungu, akashukuru bantu ya Baraka, akashukuru mwenye alishika taa. Halafu alisema ameona kama Gatesi amekonda. Mifupa ya shingo inaonekana. Akauliza kule chini banamulisha nini, ni ndagala tu? Akasema pikipiki ikipanda anatuma siagi na fromage, na zile ni za Gatesi, si za kuuzisha.

Alphonse akaomba video, akaiangalia, akasogeza telefone karibu na macho, akasogeza mbali. Akasema mama ya muntu amesema kweli, mifupa inaonekana vizuri sana.

Arlette akauliza kama hakuna namna ya kurudisha ile taa nyembamba, kidogo tu, kwa upande ule wa ukuta, wa Gatesi.

Alphonse akasema hapana. Taa itabaki vile. Yeye Arlette apike zaidi.